Kona ya Gereji: wasomaji wanauliza kuhusu presha ya turbo

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Mark II JZX90 ya 1994, ile Tourer V ya turbo mbili, naishi Njiro hapa Arusha. Fundi mmoja kanifungia valvu ya mkono ya kupandisha presha ya turbo kwenye mpira wa presha, gari ikawa moto kweli, ila nikikanyaga mpaka mwisho gia ya tatu inakata ghafla kama mtu kazima swichi, nikiachia mafuta inarudi. Sasa fundi huyo huyo anasema ana daiodi ya kufunga kwenye waya wa sensa na tatizo linaisha siku hiyo hiyo. Nikubali?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usikubali, tena ikiwezekana leo hii hiyo valvu irudishwe chini kabisa, alafu ndo tuongee.

Gari yako haina ugonjwa, inajiokoa. Injini yako 1JZ-GTE haina ile sensa ya kupima hewa inayopita kwenye bomba la ea klina, yenyewe inakadiria hewa kwa kusoma presha ndani ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda), ikichanganya na mzunguko wa injini na joto la hewa, kisha kontroli boksi inaamua nozeli zifunguke muda gani. Hiyo sensa ya presha ina nyaya tatu tu, mmoja unaleta volti 5, mmoja ethi, na wa tatu ndo unarudisha taarifa, presha ikipanda volti inapanda. Sasa kiwandani waliweka kikomo, volti zikipita hapo boksi inakata petroli. Hicho ndo unachokisikia gia ya tatu.

Daiodi inafanya kazi moja, inazuia volti zisipande kupita kiwango fulani. Turbo inaendelea kusukuma, boksi inaona presha imetulia, kwa iyo inaendelea kutoa petroli ya presha ndogo wakati hewa iliyoingia ni ya presha kubwa. Umeelewa hapo? Hewa nyingi, petroli kidogo, na muda wa plagi kuchoma pia unapangwa kwa taarifa hiyo hiyo ya uongo. Injini inaanza kugonga, yani petroli inalipuka yenyewe vibaya ndani ya silinda, na ukiwa umefungua egzosi kubwa hata huisikii, unakuja kujua pistoni imepasuka pale penye ringi na moshi wa bluu umejaa barabara. Mwenzio anakuuzia daiodi ya bei ya soda na ovahoo unalipa wewe.

Kuna jambo lingine ambalo sisi wa huku juu tunalisahau. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa ya kawaida inasukuma kilopaskali 86 hivi, Dar ni 101. Geji yako inasoma presha iliyozidi hewa ya nje, kwa iyo ukiweka baa 0.9 (kilopaskali 90) hapa Njiro ndani ya manifoldi kuna jumla ya kilopaskali 176, ukishuka na gari hiyo hiyo mpaka Dar bila kugusa kitu inakuwa 191. Valvu ya mkono haijui umeshuka. Yani gari iliyopimwa vizuri Arusha inaanza kuteseka taratibu ukipita Same, Korogwe, joto nalo linapanda, intakula (kipoza hewa ya turbo) haipoozi tena kama ulivyozoea, na we uko nyuma ya lori unataka kuovateki. Ukiwa na daiodi hapo hakuna wa kukuokoa.

Alafu petroli. Tourer V ilitengenezwa kunywa petroli ya juu ya Japani, ambayo kwa kiwango cha kule oktani yake, yani uwezo wa kuhimili kugonga, haishuki chini ya 96. Hapa unaweka ile ya sheli iliyo karibu, kwa iyo nafasi ya kucheza ni ndogo kuliko unayosoma kwa Wajapani.

Na turbo zenyewe. Za JZX90 ni CT12A, gurudumu la upande wa moto ni la kauri, jepesi, ndo maana zinaamka mapema, lakini kauri ikizidishiwa presha na joto inavunjika vipande. Kiwandani iliwekwa kama baa 0.7. Kwa umri wa gari yako mimi nisingevuka 0.8, sijali nani anakwambia nini.

Ukitaka kweli kupandisha, anza kwa kupima kompresheni silinda zote 6, jaza hewa kwenye mipira yote ya intakula uone inapovuja (kwenye gari za umri huu huwa inavuja, amini), plagi mpya, nafasi ya kurukia cheche uibane ifike milimita 0.8 hivi, na hakikisha pampu ya mafuta haichoki ukikanyaga. Alafu funga sensa ya oksijeni ya waidibendi, maana ile ya kiwandani inajua tu uwiano wa hewa kwa petroli wa karibu na 14.7 na turbo ikijaa unataka karibu 11.5. Baada ya hapo ndo unaweka kontroli boksi ya kujitegemea kama Link au Haltech na sensa ya presha yenye uwezo mkubwa zaidi, uipangie ramani mpya ya petroli na moto. Ni hela, najua. Kama haipo, Tourer V ya kiwandani iliyo nzima ni gari ya kasi sana bado.

SWALI: Habari fundi, mimi ni dada wa Pasua, Moshi. Forester yangu ya turbo, SG5 ya 2004, ilibadilishwa mipira midogo ya vakyumu, tangu hapo kupanda Marangu ni kazi, haina nguvu. Naambiwa boksi ipigwe programu mpya. Ni kweli?

JIBU: Hapana dada, usiguse boksi kwanza. Kwenye mpira mwembamba unaotoka kwenye turbo kwenda kwenye solenoidi ya presha (valvu ya umeme inayorekebisha presha), Subaru huweka kipande kidogo cha shaba chenye tundu jembamba. Hakionekani, kiko ndani ya mpira. Fundi akiutupa mpira wa zamani anakitupa nacho, solenoidi inashindwa kupunguza hewa inayoenda kufungua mlango wa turbo, ule unaopitisha moshi pembeni ili presha isizidi, mlango unafunguka mapema na presha haifiki. Muulize mpira wa zamani uko wapi, uchane uangalie. Programu kwa gari yako inawezekana kweli, watu wanatumia waya wa Tactrix na laptopu, lakini ukiongeza programu juu ya kitu kilichopotea, siku kikirudi presha itapita kiasi.

SWALI: Kuna kidude cha kuchomeka kwenye soketi ya daignosi, wanasema kinaongeza nguvu asilimia 30. Usa River.

JIBU: Hivyo vya bei rahisi watu wengi wamevifungua, ndani ni taa za kumeta tu, havizungumzi na boksi kabisa. Hela hiyo nunua ea klina mpya na oili nzuri.