Cherehani mbili, kibanda kimoja

Mhariri, wiki hii mmeuliza kwa nini wafanyabiashara wawili wenye kipato sawa, mmoja anarasimisha biashara yake na mwingine hataki. Mimi ni fundi cherehani, Mbagala. Kibanda tunapanga wawili, kodi nusu kwa nusu, wateja ni wale wale. Mimi nimesajili, mwenzangu bado.

Watu hudhani jasiri ndiye anayesajili. Kwetu ni kinyume. Mwenzangu haogopi mtu. Wakaguzi wa leseni wakija, anawapigisha soga mpaka wanaondoka. Mimi nikiona tu mtu kashika faili, uzi unanitoka kwenye sindano. Nilisajili ili nilale.

Lakini woga huohuo ulinichelewesha miaka mitatu, na si woga wa kodi. Niliogopa kuulizwa, "Mauzo yako kwa mwaka ni kiasi gani?" nikakosa jibu mbele za watu. Siku niliyojikaza nikaenda stesheneri, kijana akaingiza namba yangu ya kitambulisho cha taifa, NIDA, kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa kusajili biashara, akauliza jina la biashara. Nikanyamaza. Miaka yote nimeitwa "fundi wa pale mwembeni". Yule kijana akaondoa mkono kwenye kipanya, akasubiri. Subira yake ndiyo iliyonisajili. Namba ya mlipakodi nayo, TIN, kumbe hutolewa bure.

Ndiyo maana vile vitambulisho vya wajasiriamali vya mwishoni mwa 2018, vya shilingi 20,000 kwa wenye mauzo yasiyofika milioni 4 kwa mwaka, naviona vilituelewa watu wa aina yangu. Vililetwa hadi mitaani, hakuna fomu ya kukutoa jasho.

Mama lishe wa jirani ana tabia nyingine kabisa: kila yai liko kwenye daftari. Amepiga hesabu, akaona bado hakuna faida ya kusajili. Simlaumu.

Naziomba mamlaka zijue kuwa vitisho vya kufungiwa hututikisa sisi tulio waoga tayari. Mwenzangu havimgusi. Kilichomgusa ni kazi. Mwezi uliopita shule moja ilitaka sare 40, ikaomba TIN na leseni. Oda ikaandikwa kwa jina langu, tukashona wote usiku na mchana. Tulipomaliza kugawana pesa, akaniuliza yule kijana wa stesheneri hufunga saa ngapi.