Jibu: Kwa nini tabaka moja la molibdeni disulfidi linang'aa

Kaka, umeuliza kwa nini molibdeni disulfidi ikiwa nene ukiimulika kwa leza karibu haitoi mwanga, ila ikibaki tabaka moja inang'aa. Na kama ukiwa Kasulu unaweza kuanza kuisoma.

Ile grisi nyeusi ya moli wanayopaka mafundi wa malori hapo Kigoma ina unga wa kitu hichohicho. Inateleza kwa sababu matabaka yake yameshikana kidogo sana, hata selotepu inayabandua. Tabaka moja lina unene wa nanomita 0.65 hivi.

Kwenye kipande kinene, elektroni haiwezi kushuka chini ya pengo la nishati (eneo la nishati ambalo elektroni haiwezi kukaa) bila kubadili momenta, yaani kiasi cha mwendo wake, kwa hiyo nishati nyingi huishia kuwa joto. Kwenye tabaka moja pengo linapanuka, toka eV (elektronivolti, kipimo cha nishati) 1.3 hivi hadi 1.9 hivi, na elektroni inashuka moja kwa moja ikitoa fotoni nyekundu, yaani chembe ya mwanga. Hilo lilionyeshwa mwaka 2010, na kwangu ndilo tamu kuliko yote: kemikali ni ileile, umepunguza unene tu.

Kuanza kuisoma, anza na elektroni ndani ya kisanduku, zoezi la mwanzo la fizikia ya kwanta, kisha matriki. Bendi zake, yaani viwango vya nishati vya elektroni, utazikokotoa kwa Quantum ESPRESSO, programu ya bure, kwenye laptopu ya kawaida.