Akalati wa Usambara hayuko Amani, usipande gari bado

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza utawatofautishaje akalati wa Usambara na akalati wa Sharpe, ndege wawili wadogo wa msituni, kwa rangi na kwa sauti, na ununue darubini gani, halafu mwishoni ukadokeza kwamba umeshalipia chumba Amani siku nne. Hicho chumba ndicho kilichonishtua. Piga simu leo uombe pesa yako.

Akalati wa Usambara anaishi Usambara Magharibi tu, dunia nzima hana kwingine. Ni misitu ya juu ya Lushoto, Magamba na Shume, kuanzia kama mita 1,600 kwenda juu. Amani iko Usambara Mashariki, kwenye mita 900 hivi, na hata Nilo, kilele kirefu cha upande huo, kinaishia mita 1,500 na ushee. Katikati kuna bonde la Lwengera, na joto lake si la ndege wa ukungu.

Mimi nililala Amani siku tatu, masika, matope mpaka magotini. Kijana mmoja aliyejiita mwongozaji, niliyepatana naye Tanga mjini kwa laki nne na nusu, kila alfajiri ananinyooshea kidole: "Huyo hapo bosi, wa Usambara!" Kandege kana kifua cha rangi ya chungwa na kimstari cheupe juu ya jicho. Nikapiga picha zaidi ya mia mbili. Wote Sharpe! Huyo yuko milima mingi, mpaka Uluguru na Udzungwa. Wa Usambara kifuani hana chungwa hata tone, amepauka kijivu. Nilimuuliza yule kijana mara mbili kama tuko mlima wenyewe, akanijibu, "Usambara si ni Usambara?" Mpaka leo nikikumbuka jibu hilo damu inachemka. Ndege hasomi jina lake kwenye ramani, lakini mtu anayelipwa kuongoza wageni ilimpasa aisome.

Ikabidi niteremke Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, nipande tena Soni hadi Lushoto, nauli upya, chumba upya. Akalati wa Usambara nilimwona Magamba asubuhi ya pili, chini kabisa kwenye giza la vichaka, sekunde tano hivi, akazama.

Kwa hiyo uliza mlima kwanza, kisha mita, rangi baadaye. Sharpe tu anakutosha? Baki Amani, utafurahi. Unamtaka wa Usambara? Siku zote nne zipeleke Magamba, na ubebe sweta.