Kongamano, warsha au "simpoziamu"? Bango la wanakemia wa Mwanza

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Tuko wanafunzi sita wa kemia. Wengine tumesajiliwa Dar es Salaam, wengine Dodoma, ila sampuli zetu zote zinatoka huku Mwanza, ziwani. Tumeamua kuandaa siku moja ya kuelezana tulichokipata na tumeshalipia ukumbi mdogo jirani na Capri Point. Sasa tumekwama kwenye bango. Rasimu inasema: "Warsha ya Wanafunzi Wahitimu ya Utafiti wa Kikemia iliyoandaliwa na…" Mwenzetu mmoja anataka "Simpoziamu", eti ndilo la kitaaluma. Mimi nasema "Kongamano". Msimamizi wetu naye kafuta neno "tafiti" kila lilipotokea kwenye ratiba, anasema si Kiswahili. Halafu kuna mada yangu mwenyewe, "Zebaki kwenye mashapo ya ziwa": wenzangu wanaicheka, wanataka niandike "sedimenti". Mchapaji anasubiri hadi Ijumaa. Amua wewe.

JIBU: Marahaba. Naanza na neno ambalo hamkuliuliza, maana ndilo litakalowaaibisha ukutani: "wahitimu".

Kuhitimu ni kumaliza. Mtoto wa chuoni anahitimu akiifikisha Kurani mwisho, na hitima anayosomewa marehemu ni ndugu wa neno hilohilo. Mhitimu ni yule aliyekwisha kuvaa joho, akapigwa picha na shangazi zake, akarudisha vitabu vya maktaba. Ninyi bado mnaosha chupa za sampuli. Najua utetezi wenu: shahada ya kwanza tulishahitimu. Ni kweli, lakini kwa hesabu hiyo kila aliyeko kidato cha tano ni mhitimu wa kidato cha nne, na sijasikia mtu akimwita "mwanafunzi mhitimu". Kiingereza ndicho kilichoyakalisha maneno hayo mawili kiti kimoja. Kwetu yanasukumana: ukiwa mwanafunzi hujahitimu, ukihitimu si mwanafunzi tena.

Andikeni "wanafunzi wa shahada za juu". Mkitaka kutaja ngazi, semeni uzamili (shahada ya pili) na uzamivu (shahada ya tatu). Uzamivu limetokana na kuzama, na kwa watu wanaoshusha chombo cha kuchotea tope hadi chini ya ziwa sioni jina linalofaa zaidi. Wakenya wengi huandika "uzamifu", kwa f, kwa hiyo akija mgeni kutoka Kisumu msimkosoe. Shahada ya pili nayo ina jina jingine: Dar es Salaam utakuta tasnifu zimeandikwa "Shahada ya Umahiri". Kundi lenu ni la vyuo viwili, basi "shahada za juu" itawaepusha na ugomvi mwingine kabla ya Ijumaa.

Sasa warsha. Neno hili tumelipata kwa Waarabu, na kwao ni karakana, mahali pa nyundo na misumari. Kiswahili kimelipeleka kwenye mikutano, lakini harufu ya karakana haijatoka: aendaye warsha anategemea kushika kitu. Miaka ya nyuma nilialikwa hapahapa Mwanza kwenye "warsha ya ukaushaji wa dagaa". Akina mama wanaoanika na kuuza dagaa walikuja wamejifunga kanga kiunoni, wamejiandaa kwa kazi. Waandaaji, ambao sitawataja, walikuwa wametuandalia viti, projekta na maji ya chupa. Tulikaa tukitazama picha za vichanja ukutani hadi saa saba mchana. Mama mmoja aliyeketi nyuma yangu akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa dagaa wenyewe wako wapi?" Hakuna aliyemjibu. Tatizo la siku ile lilikuwa neno moja kwenye barua ya mwaliko. Kama mgekuwa mnawafundisha vijana wa maabara kutumia kipimo kipya, mkono kwa mkono, ningesema warsha na nisingerudi nyuma. Lakini ratiba yako ina watu wanaosimama kusema, wengine wanasikiliza na kuhoji. Hiyo si warsha.

Semina hamkuitaja, na mmefanya vizuri. Sina ugomvi na neno lenyewe. Tatizo ni masikio ya Watanzania, ambamo semina imeshaambatana na posho na karatasi ya kusaini.

"Simpoziamu" nayo? Mtu akilitumia sitamwita mkosaji. Lugha hukopa, na kemia yenyewe ni neno la kukopa. Ila ukikopa, kopa kwa sababu huna. Halafu hiyo hoja ya "kitaaluma" inanichekesha kidogo. Kwa Wagiriki wa kale, lilikotoka, maana yake ni kunywa pamoja: karamu ya wanaume waliojilaza kwenye makochi, divai ikizunguka, mazungumzo yakifuata. Bajeti yenu ni ya chai ya saa nne na maandazi.

Kongamano tunalo, tena limetokana na kitenzi chetu, kongamana, kukusanyika mahali pamoja. Litazame mwishoni: -mana, ileile ya shikamana, fungamana, andamana. Ni vitenzi vya watu au vitu vinavyogusana. Kutoka andamana tukapata maandamano, kutoka kongamana tukapata kongamano. Katika matumizi ya leo neno limejikita pale wenye fani wanapokutana kupeana walichokichunguza na kukijadili, na ndicho mnachokifanya. Wapo watakaosema kongamano ni la watu mia tano, sita ni kikao tu. Sikubali. Kikao kina ajenda na kumbukumbu, na mwisho wake ni maazimio. Ninyi mna mada na maswali. Idadi haiingii.

Angalieni basi kitakachotokea mkibadili neno hilo moja. Warsha iko kwenye ngeli ya i-/zi-, kongamano liko li-/ya-, na sentensi nzima lazima imfuate bosi mpya. Nimeona mabango mengi ambamo mtu kabadili nomino na kusahau mkia: "Kongamano la… iliyoandaliwa na". Mchapaji hatawasahihishia, yeye anachapa alicholetewa. Ni "lililoandaliwa". Mkiwa na zaidi ya moja, "makongamano yaliyoandaliwa".

Rasimu yenu pia ina "ya" mbili zinazogombea neno moja, "Warsha ya Wanafunzi… ya Utafiti…", na msomaji anafika katikati akiwa hajui kama utafiti ni wa wanafunzi au ni wa warsha. Wapelekeni wanafunzi mwishoni.

"Kikemia" nalo liondoke. Ki- ya namna hii hueleza jinsi kitu kilivyo au kinavyotokea. Mabadiliko ya kikemia ni sawa kabisa, ni badiliko la aina hiyo, chuma kikishika kutu kwa mfano. Utafiti wenu ni wa fani, na fani ni kemia: utafiti wa kemia. Msiteleze pia mkaandika "utafiti wa kemikali". Kemikali ni vile vitu vyenyewe, vya kwenye chupa na madumu. Kemia ni elimu yake. Ndiyo maana serikali ina Mkemia Mkuu, haina Mkemikali Mkuu.

Kwa "tafiti", msimamizi wenu ana haki nusu. Utafiti ukiwa ni shughuli, au uwanja wa kazi, hubaki umoja hata ukiwa na matawi elfu. Hapo Mwanza mna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI. Wametafiti sangara, sato na dagaa kwa miaka, na jina halijawahi kuwa "Taasisi ya Tafiti". Kwa hiyo kwenye bango, utafiti. Lakini kwenye ratiba mnahesabu kazi moja moja, na hapo sioni kosa: "tafiti sita zitawasilishwa". Kama ufunguo unatupa funguo na ukurasa unatupa kurasa, utafiti unazuiwa na nini? Mzee akishikilia msimamo wake, andikeni "mada sita" mwendelee na maisha. Na kama ana umri wangu atakumbuka kuwa TUKI, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilijiita Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Enzi hizo uchunguzi ulikuwa neno la heshima la wasomi. Siku hizi ukisema uchunguzi unaendelea, watu wanauliza nani kakamatwa.

Mengine nimeyaona kwenye ratiba uliyoambatisha. "Wito wa ikisiri", yaani wa muhtasari mfupi wa kila mada, iwe "Tunakaribisha ikisiri". Ikisiri yenyewe ni neno zuri na ndilo majarida ya Kiswahili hulitumia, msilibadili kuwa dondoo. Mgeni rasmi na mtoa mada mkuu ni watu wawili: wa kwanza anafungua kongamano na kupigwa picha, wa pili ndiye mtakayemhoji. Ninyi mmemwandika profesa wenu kuwa mgeni rasmi, na mkimwita hivyo atafungua, atanywa chai na kuondoka. Wale wawili watakaobandika kazi zao ukutani badala ya kusimama kusema, waitwe watoa mada kwa bango. Litagongana na bango la mlangoni, nakubali, lakini hakuna atakayepotea kwa hilo.

Bango basi lisomeke: "Kongamano la Utafiti wa Kemia lililoandaliwa na Wanafunzi wa Shahada za Juu", chini yake tarehe, chini kabisa Mwanza.

Na mashapo yako usiyaguse. Ni yale yanayotuama chini kimiminika kikitulia, iwe kwenye kikombe cha kahawa au kwenye sakafu ya ziwa, na kila aliyesoma jiografia ameshakutana na miamba ya mashapo. Machicha ni kitu kingine, hayo hubaki mkononi ukishakamua nazi. Kwa mada kama yako, ya zebaki inayotumika kukamatia dhahabu machimboni halafu ikasombwa na maji, neno linafanya nusu ya maelezo: limeshasema kuna kitu kilisafiri, kikachoka, kikalala chini. "Sedimenti" utalazimika kulifafanua kabla hujafika kwenye zebaki, na kwa ratiba hii una dakika kumi na tano tu.