Busha halitokani na madafu

Kwetu pwani ya Tanga mtoto wa kiume huonywa mapema asizidishe madafu, asije akapata busha. Niliyaamini maneno hayo hadi nikakaribia miaka 40, na korodani yangu ya kulia ilipoanza kuvimba bila maumivu, niliacha madafu badala ya kwenda hospitali. Kwa miaka miwili nilivaa kanzu hata siku zisizo za Ijumaa, nikakwepa kupanda bodaboda, mpaka mke wangu aliponiuliza, "Baba Zuhura, unamficha nani?"

Daktari alizima taa, akaweka tochi ndogo nyuma ya uvimbe, na mfuko wote ukang'aa wekundu kama kandili. Alinieleza kwamba nuru ikipenya namna ile, kilichojaa ni maji yaliyokusanyika kati ya tabaka mbili za utando unaozunguka korodani. Isipopenya, huenda ni utumbo ulioshuka kwa ngiri, au uvimbe wa nyama unaohitaji kipimo cha altrasaundi. Huku pwani maji hayo mara nyingi huletwa na minyoo inayoenezwa na mbu, ileile ya matende, ambayo huharibu mishipa ya limfu, yaani ile inayorudisha majimaji ya mwili kwenye damu. Ndiyo sababu tunagawiwa vidonge vya ivermectin na albendazole, ambavyo mimi, nakiri, nilikuwa navitia mfukoni na kuvisahau. Vidonge huzuia maambukizi, lakini busha lililokwisha kujaa huondolewa kwa upasuaji.

Nilimwonyesha pia kitu laini kama uzi uliojikunja nyuma ya korodani ya kushoto, nikidhani ni uvimbe mwingine. Akacheka: huo ni mrija unaokomaza mbegu, ambao ukinyooshwa hufikia kama mita 6, na kila mwanamume anao. Korodani zenyewe huning'inia nje kwa sababu mbegu hutengenezwa vizuri katika joto lililo chini kidogo ya nyuzi 37 za mwili, na ya kushoto kushuka kuliko ya kulia si ugonjwa.

Tangu siku hiyo, kila mwezi baada ya kuoga maji ya moto huzipapasa moja moja kwa kidole gumba na vidole vingine. Kinachotafutwa ni kinundu kigumu kisichouma, hasa kwa vijana wa miaka 15 hadi 35, kwani huenda ikawa saratani, ambayo hutibika vizuri ikiwahiwa. Maumivu makali ya ghafla, pengine pamoja na kutapika, ni jambo jingine kabisa: huenda korodani imejisokota na kukosa damu, na isipofunguliwa ndani ya saa 6 hivi yaweza kufa. Tafadhali msimpe kijana mwenye maumivu hayo mizizi ya chango mkasubiri kukuche.

Mimi nilichomwa ganzi ya mgongoni, nikapasuliwa nikiwa macho. Wiki ya sita nilipanda bodaboda kwenda Pangani mjini, na njiani nikamsimamisha dereva tununue madafu.