Nina kisukari na jicho limekutwa na bakteria sugu: niahirishe upasuaji?

SWALI: Daktari, nina miaka 61, na kisukari ninacho muda mrefu. Nasubiri kutolewa mtoto wa jicho. Walinipitisha kijiti cha pamba ndani ya kope la chini, ingawa jicho halina wekundu wala tongotongo. Majibu: kumeota Staphylococcus epidermidis, sugu kwa penisilini na siprofloksasini, inasikia (yaani inauawa na) kloramfenikoli na vankomaisini. Je, nitumie matone ya kloramfenikoli mpaka waishe ndipo nipasuliwe?

JIBU: Hapana, mama. Hao ni wenyeji wa jicho, si ugonjwa. Macho mengi mazima huwa na bakteria kwenye kope na kwenye utando unaofunika weupe wa jicho, na huyo wako ndiye anayeongoza kwa kuonekana. Ukiwafyeka kwa matone watarudi kutoka kwenye ngozi ya kope, na watakaokuwa wamesalia ni wale waliozoea dawa.

Kisukari kweli hubadilisha hali. Tafiti kadhaa zimekuta sampuli za wenye kisukari zinaota bakteria mara nyingi zaidi, hasa pale retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) imeshaharibika. Sukari ikipanda kwenye damu hupanda na kwenye machozi, chembe nyeupe hulegea kazini, na neva za kioo cha jicho zikifa ganzi machozi hupungua. Usugu nao una njia yake: antibaiotiki ulizomeza kwa ajili ya kidonda cha mguu au mkojo huwafikia pia bakteria waliotulia mwilini, na wanaobaki ndio hao wa kwenye karatasi yako.

Mpasuaji hawapuuzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1991 ulilinganisha bakteria waliotolewa ndani ya macho yaliyopata uambukizo baada ya upasuaji na wale wa kope, utando na pua za wagonjwa wenyewe: kwa wagonjwa 14 kati ya 17 walikuwa walewale.

Sasa hayo majibu. Mpaka kati ya "sugu" na "inasikia" umewekwa kwa kuangalia kiasi cha dawa kinachofika kwenye damu ukimeza au ukichomwa sindano. Tone huacha juu ya jicho dawa nzito kuliko hiyo mara nyingi, japo kwa muda mfupi, hivyo aliyeandikwa sugu huenda akafa. Kinyume chake pia kipo: "inasikia kloramfenikoli" haimaanishi tone litapenya hadi ndani ya jicho. Mstari ambao mimi ningeutafuta kwanza kwenye karatasi yako ni wa methisilini, dawa ya jamii ya penisilini (maabara hupima kwa sefoksitini au oksasilini), na wewe hukuutaja. Kama ni sugu hapo, penisilini zote na karibu sefalosporini zote (jamii nyingine ya antibaiotiki) hazitafaa, sefuroksimu ikiwemo. Mpelekee mpasuaji karatasi nzima, maana sefuroksimu miligramu 1 ndani ya jicho mwishoni mwa upasuaji ndiyo kinga ambayo utafiti mkubwa wa Ulaya wa 2007 ulionyesha inapunguza uambukizo takriban mara tano. Akijua mapema, atachagua nyingine.

Kabla ya kisu kuna povidoni ayodini, dawa ya kuua vijidudu, ya asilimia 5, dakika 3 hivi ndani ya kope. Huua sugu na wasio sugu, wala haihitaji kuoteshwa chochote. Ndiyo maana wengi wetu hatupimi kabisa jicho lisilo na dalili.

Ningeahirisha kama kope zimevimba na kutoa magamba, kama usaha hutoka ukibonyeza pembe ya jicho karibu na pua, kama kuna kidonda chenye usaha popote mwilini, au sukari iko juu sana. Ila usiishushe kwa pupa katika wiki ya mwisho. Kushuka ghafla kunaweza kuiumiza retina iliyokwisha kuathirika.

Ukishapasuliwa, jicho likianza kuuma, kuwa jekundu zaidi au kupoteza nuru, hata usiku, nenda hospitali saa hiyohiyo. Wenye kisukari wengine hawasikii maumivu sana, kwa hiyo nuru ikipungua peke yake inatosha kukupeleka.