Je, vigae vya Kashan vimepakwa dhahabu?

SWALI: Nimeona makumbusho vigae vya Uajemi vya karne ya 13, vyenye umbo la nyota, vinavyometa kama dhahabu. Ni dhahabu kweli? Na vikisafishwa, mng'ao huo haufutiki?

JIBU: Kama ni vya Kashan, mji wa Uajemi, kinachometa ni fedha na shaba. Fundi alikichoma kigae kwanza na utando wake mweupe wa kioo, uliochanganywa na bati. Kilipopoa, alikichora kwa fedha na shaba zilizochomwa na kusagwa pamoja na siki, akakirudisha tanurini. Kazi ngumu ilianzia hapo. Moto wa pili ni mdogo, na tanuri hunyimwa hewa ili moshi utande. Moshi hunyang'anya oksijeni iliyomo kwenye mchanganyiko, na chembe ndogo mno za metali hunasa ndani ya kioo, katika tabaka lisilofika unene wa mikroni moja, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Moto ukizidi, mchoro huharibika. Moshi ukipungua, kigae hakimeti.

Abu'l-Qasim, mtoto wa ukoo wa mafundi wa Kashan, aliandika mwaka 1301 kwamba moshi mwepesi huachwa kwa saa 72. Vikitoka, vigae husuguliwa kwa udongo wenye unyevu, ndipo rangi ijitokeze. Saa 72 za kuchungulia moshi! Sishangai kwamba ufundi huu ulibaki mikononi mwa koo chache.

Dhahabu halisi ipo kwenye vigae vya aina nyingine, lajvardina: buluu nzito ya kobalti iliyobandikwa vipande vya karatasi ya dhahabu, yaani dhahabu iliyofuliwa nyembamba kama karatasi. Takht-e Soleyman, kasri la miaka ya 1270 la Abaqa Khan, mtawala Mmongolia wa Uajemi, lilikuwa na aina zote mbili. Ukisimama mbele ya kigae, sogea kushoto na kulia. Mng'ao wa Kashan hubadilika, mara hudhurungi, mara dhahabu, hata zambarau. Karatasi ya dhahabu haibadiliki hivyo, na kingo zake huonekana zimekaa juu ya kioo.

Kuhusu kusafisha: maji hayaondoi mng'ao wa Kashan, ila msuguo na asidi huumaliza, kwa kuwa tabaka lenyewe ni jembamba mno. Limau, siki na unga wa kusugulia visiguse. Brashi laini inatosha kwa vumbi. Kioo kikiwa na nyufa, usitumie maji kabisa: kiini cha kigae, ambacho Abu'l-Qasim anasema ni sehemu 10 za kwatzi (jiwe gumu) iliyosagwa, 1 ya kioo na 1 ya udongo mweupe, hunyonya maji, na chumvi iliyomo ikikauka husukuma utando mpaka ubanduke.